Rivyu: darasa la baguazhang pale Tiantan, Beijing, unalipia kutembea

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda asome hapa aondoke zake: nyota nne kati ya tano, hela haipotei, ila kama unakuja kutafuta mateke ya kwenye muvi usije, utaboreka vibaya mno. Hapa unalipia kutembea. Kutembea tu, unazunguka duara, unageuka, unazunguka upande wa pili, unageuka tena, na mzee, ndo mwalimu mwenyewe, kakaa kwenye benchi na chupa yake ya chai anaikodolea macho miguu yako, uso hausemi kitu, mpaka uharibu ndo utasikia anakohoa.

Kwa ambao hawaijui, baguazhang ni sanaa ya mapigano ya Kichina, moja kati ya zile wanazoziita za ndani, nyingine maarufu ni taijiquan (hii taichi ambayo wazee wanaicheza polepole) na xingyiquan. Taichi kila mtu kaiona. Bagua wengi bado, na ukiiona mara ya kwanza hutajua kama ni mapigano maana unaona mtu anazunguka mti, kiwiliwili kimesokotwa kuelekea katikati, viganja viko wazi, hakuna ngumi hata moja. Hesabu yake ni kwamba adui yupo pale katikati na wewe hutakiwi kusimama mbele yake ukapokea, unamzunguka unatafuta ubavu, unatafuta mgongo. Kwahiyo kila kitu kinaanzia miguuni, na mwalimu yeyote anayejiheshimu atakuzungusha kwanza mpaka uchoke na roho yako, ndo mikono ije baadaye.

Sasa bei. Mzee anachukua yuan 400 kwa mwezi, asubuhi tatu kwa wiki, unamtumia kwa WeChat, ile app ya Wachina. Kwa maisha ya Beijing siyo hela ya kutisha ila mwanafunzi wa skolashipu ukiigeuza shilingi kichwani lazima ugune. Juu yake kuna tiketi ya geti la bustani, yuan 15 msimu wa joto na 10 msimu wa baridi, ukiwa na kitambulisho cha chuo unalipa nusu. Wenyeji wanakata kadi ya mwaka na mimi nakushauri uikate mapema kama una nia kweli, maana vile vihela vya getini vinakula kimya kimya.

Mahali penyewe sina cha kulalamika. Tiantan (Hekalu la Mbingu, siku hizi ni bustani) ilijengwa 1420 enzi za mfalme Yongle, ndo wafalme walikuwa wanakuja kuombea mavuno, hekta kama 270 hivi na miseprasi ambayo mingine ina mamia ya miaka. Watalii wanakimbilia lile jengo la duara la paa la bluu wapige picha waondoke. Wenyeji wao asubuhi na mapema wameshajaa: huku mama wanacheza dansi na spika, kule wanapiga danadana kwa kile kidude cha manyoya, wengine karata, wengine wanaimba opera na sauti zinagongana, na katikati ya vurugu hizo sisi tupo chini ya miti tunazunguka. Hakuna anayekushangaa. Mwafrika mrefu anazunguka mti kwa nusu saa na hakuna hata mmoja anayetoa simu kupiga picha, hilo peke yake kwangu ni nyota moja.

Darasa la kwanza halina maelezo kabisa. Jirani yetu pale ni babu mmoja anayeandika herufi chini kwenye sakafu ya mawe kwa brashi ndefu ya maji, ipo sana hiyo kwenye bustani za Beijing, wanaandika shairi zima halafu linakauka linapotea. Mwalimu anaazima ile brashi, anachora duara la maji chini, anakuonesha vidole nane. Yani hatua nane ulizunguke lote. Unaanza kutembea juu ya mstari, jua la Julai linaukausha huku bado unazunguka, ukigeuka hauoni tena duara na bado unatakiwa ubaki juu yake. Niliuliza kwanini asichore na chaki, akasema chaki utaiangalia. Baridi ikija maji yanaganda, ndo anakubali chaki kwa shingo upande.

Hatua yenyewe inaitwa tangnibu, mwendo wa kuvuka tope, na hapa nitakaa kidogo maana ndo bidhaa yenyewe unayonunua. Unakunja magoti kiasi, uzito wote uko mguu wa nyuma. Mguu wa mbele unanyanyuka mzima mzima, siyo kisigino kwanza wala vidole kwanza, soli iko sambamba na ardhi, unapita mbele karibu kabisa na sakafu, unatua mzima mzima. Ukishatua ndo uzito uhame, siyo kabla. Mguu unapopita, vifundo viwili vinakaribia kugusana, magoti hayaachani. Mguu wa ndani, ule ulio upande wa katikati, unaenda moja kwa moja, wa nje ndo unakunja vidole kuingia ndani kidogo, na hako kakunjo kadogo ndo kanakata duara. We jaribu hapo hapo ulipo kwenye korido ya hosteli, hatua nne tu, uone paja linavyoanza kuongea. Sisi tumezoea kudondoka mbele, yani kutembea kwa kawaida ni kujiangusha na kujidaka, huku hutakiwi kujiangusha hata kidogo, unatakiwa uweze kusimama popote katikati ya hatua, mguu ukiwa hewani, na mzee atakusimamisha kweli, anasema tu ting! na unaganda. Mara ya kwanza darasa zima tuliyumba.

Kitu cha pili anachokigombania ni kichwa kisipande na kushuka. Levo moja mwanzo mpaka mwisho. Wachina wenyewe wageni wa darasa wanahangaika nayo wiki na wiki. Akaja dada mmoja wa Kigoma, anasoma famasia huku, alimsindikiza mwenzake tu wala hakuwa na mpango, mzee akamwambia na wewe ingia. Dada akaingia akatembea na kichwa kimetulia tuli, shingo imenyooka, mabega yameshuka, kiuno ndo kinafanya kazi chini. Mzee akasimama kutoka kwenye benchi, jambo ambalo halifanyi ovyo. Akaniambia nimuulize amejifunza kwa mwalimu gani. Dada akacheka, "Kaka, mwambie kisimani." Nikamtafsiria mzee kwamba kwetu watu wanabeba ndoo ya maji kichwani toka utotoni, akatikisa kichwa muda mrefu, na tangu siku hiyo akileta mwanafunzi mpya anayedundadunda anamwambia abebe ndoo. Wanafunzi wa Kichina hawaelewi ndoo imetokea wapi.

Dada hakurudi lakini, anasema kutembea bure anatembea kila siku.

Kizunguzungu mtaniuliza. Ndiyo kipo, siku za mwanzo, hasa ukiangalia chini au ukiacha macho yazurure kwenye miti. Dawa yake ni kuangalia kidole cha shahada cha mkono ulioelekea katikati, macho yatulie pale na mandhari iende yenyewe nyuma yake. Na unabadilisha upande kabla kichwa hakijaanza, siyo baada. Usile ugali ukaja, hilo naliongeza mimi.

Goti sasa, hili ndo la muhimu zaidi, msome vizuri. Rafiki yangu Mkenya tuliyeanza naye alikuwa na haraka ya kwenda chini, aliona kwenye video mabingwa wanatembea wamechuchumaa kabisa naye akataka hivo hivo. Akawa anaukunja ule mguu wa nje kwa kusokota goti. Haikuchukua muda goti likavimba, kapanda ngazi za hosteli anashikilia ukuta, "Manze, hii ni mazoezi ama ni adhabu?" Mzee hakumpa pole nyingi, alimshika nyonga kwa mikono miwili akaizungusha, akamwonesha kwamba mzunguko wote unatoka huku juu kwenye kiungo cha paja, goti na vidole vinaangalia upande mmoja, goti lenyewe halisokotwi hata siku moja. Halafu akampandisha juu. Kuna vimo vitatu vya kutembea, cha juu, cha kati na cha chini, na mgeni anakaa cha juu, basi. Hapa ndo naona thamani ya hela, maana video haikushiki nyonga.

Na video nimezitazama, zipo nyingi na nyingine ni nzuri sana kwa kuona umbo la jumla. Tatizo video inakuonesha kile kinachoonekana. Uzito uko mguu gani hakionekani. Mzee anaujua kwa kusukuma bega lako kwa vidole viwili.

Nimejaribu pia sehemu nyingine kabla ya hapa, ukumbi wa ndani wenye vioo, viyoyozi na sare zao za hariri, jina naliacha. Bei mara kadhaa ya hii, na ndani ya muda mfupi walishatupitisha kwenye mabadiliko yote manane ya viganja, yani zile namna za kugeuka pamoja na mikono, moja baada ya mwingine, mikono inapepea, picha kali za kutuma nyumbani. Ukituambia tutembee bila mikono tulikuwa tunatembea tu kawaida, visigino vinagonga sakafu ko ko ko. Kama unachotaka ni picha nakwambia bila kejeli nenda kule, mwanga ni mzuri na kuna bafu la maji ya moto. Sisi choo chetu ni cha bustani.

Juu ya mikono: wiki za mwanzo viganja vinakandamiza chini usawa wa nyonga, basi, umetembea hivo mpaka mabega yamejifunza kushuka yenyewe. Baadaye ndo unapewa ule mkao maarufu unaouona kwenye picha zote, kusukuma jiwe la kusagia: mkono mmoja mbele usawa wa macho kuelekea katikati, wa pili unakaa chini ya kiwiko chake, kiuno kimegeuka, kifua kimelegea. Huwezi kuamini jinsi mkono wako mwenyewe ulivyo mzito ukiushika hewani huku unatembea magoti yamekunjwa. Na kugeuka nako kuna utaratibu, koubu unaleta mguu mmoja mbele ya mwingine vidole viangaliane, baibu unaufungua ule mwingine kutoka nje, na mwili umeshaangalia upande wa pili. Ukiongezea mikono ndo inakuwa badiliko la kiganja kimoja, la kwanza kabisa kwenye mfumo wote, na wazee wanasema yaliyobaki yote yamo humo humo. Mimi niko hapo. Wala sina haraka.

Kuna siku tulimwomba atuoneshe inatumikaje, maana watu walishaanza kunong'ona. Akaniambia nimsukume kifuani. Nikasukuma, kwa adabu kwanza, akaniambia kwa nguvu. Nikaweka nguvu. Mkono wangu ulikutana na mkono wake, ukawa umebebwa pembeni, na niliposhtuka yeye yuko nyuma ya bega langu ameshika kiwiko changu na mguu wake uko nyuma ya kisigino changu, amesimama tu ananisubiri. Hakuruka, hakupiga kelele. Alichofanya ni koubu na hatua moja ya mguu wa nje, zile zile. Baada ya hapo minong'ono ilipungua.

Wakati wa mapumziko anatoa stori, na Kichina chake ni cha Beijing kabisa, kila neno linaishia kwenye "r" ya kukunja ulimi, kwahiyo kama HSK yako (ule mtihani wa Kichina) ni ya darasani andaa masikio. Anapenda kumsimulia Dong Haichuan, huyu ndo anatajwa kama chanzo cha bagua, mtu wa Wen'an mkoa wa Hebei, alifanya kazi kwenye jumba la Mwanamfalme Su hapa Beijing, akafariki 1882. Hadithi wanayoipenda ni ile ya kwamba kulikuwa na umati jumbani, hapapitiki, na yeye akapita na trei ya chai bila kumwaga ndo mwanamfalme akashtukia huyu siyo mhudumu wa kawaida. Ni hadithi, ichukue hivo. Kilichofanyiwa utafiti ni kwamba Kang Gewu alipokusanya ushahidi miaka ya 1980 aliona Dong aliunganisha mapigano aliyokuwa anayajua na kutembea duara kwa watawa wa Kitao wa tawi la Longmen, wao walikuwa wanazunguka kama ibada, kutuliza akili, siyo kupigana. Kwangu hii inaeleza mengi, ndo maana mwezi wa kwanza unahisi uko kwenye maombi kuliko kwenye ngumi.

Dong alipokea watu waliokuwa tayari wanajua kupigana, akawatengenezea juu ya kile walichokuja nacho. Yin Fu alitoka na mkondo wake, viganja vilivyofungwa vidole pamoja. Cheng Tinghua alikuwa mcheza mieleka na muuza miwani, jina lake la mtaani ni Cheng wa Miwani mpaka leo, mkondo wake una viganja vilivyofunguka na mitupo mingi, akafa 1900 majeshi ya kigeni yalipoingia Beijing. Darasa letu ni la mkondo wa Cheng. Nalitaja maana kuna watu watakuja hapa na video ya mkondo wa Yin kwenye simu wamwambie mzee "mbona wewe vidole vyako viko hivi", na mzee atarudi kwenye benchi.

Stori za chi (ile nguvu ya uhai wanayoisema) kuzunguka tumboni na kuponya kila ugonjwa, darasani zipo kidogo, zinatoka zaidi kwa wanafunzi kuliko kwa mwalimu. Mimi sinunui wala sibishani. Ninachoweza kusema ni kwamba mapaja yamekuwa na nguvu na nikisimama kwenye treni sishiki bomba.

Nyota moja niliyokata nimeikata kwa sababu hizi. Mvua ikinyesha darasa hakuna, na hataandika kwenye grupu kwamba hakuna, anachukulia una akili ya kuangalia dirishani. Hela ya siku hiyo hairudi wala haifidiwi. Spika za mama wa dansi zinaanza pale pale tunapotaka kutulia, na hakuna mtu mwenye ubavu wa kuwaambia wale mama wapunguze sauti, hata yeye mzee hana. Januari ni mateso, Beijing inashuka chini ya sifuri na huwezi kuvaa glovu nene kwa sababu anataka kuona vidole. Na hakuna ratiba ya masomo, hutajua lini unapanda hatua. Kuna mwenzetu alikaa kwenye viganja vya kukandamiza mpaka akaacha, na mwingine aliyekuja baada yake akapewa jiwe la kusagia mapema, na mzee ukimuuliza anaonesha miguu tu. Mtu anayependa cheti na mkanda wa rangi ataumia roho hapa.

Viatu msinunue vya bei. Raba za kukimbilia zenye soli nene ndo mbaya kuliko zote, kisigino kiko juu na huisikii ardhi. Chukua vile vya kitambaa vyeusi vya soli nyembamba ya mpira, Taobao, duka la mtandaoni, unapata chini ya yuan 50, ila wakubwa wa miguu wenzangu angalieni saizi vizuri, kuanzia 45 kwenda juu ni msako. Soli ya pamba iliyoshonwa ni nzuri zaidi kwa kuteleza lakini sakafu ikiwa na unyevu unaweza kuokotwa.

Kufika: Laini namba 5 ya treni, shuka Tiantan Dongmen, geti la mashariki liko hapo hapo. Ingia saa kumi na mbili na nusu, fuata miseprasi upande wa kaskazini wa ile korido ndefu ya wacheza karata, utaona watu wanazunguka miti na ardhi chini yao imekatika nyasi. Suruali iwe pana, jinzi hapana. Ukifika msalimie kwanza, muite laoshi, yani mwalimu, usimuite shifu, hilo ni la mwanafunzi aliyepokelewa rasmi, maana hajakukubali bado, halafu usimuulize bei pale mbele za watu, kaa pembeni uangalie mpaka akuite yeye. Siku ya kwanza hachaji.